Mikeka Yetu na Majirani wa Seva

Mwaka uliofuatia yale mafuriko makubwa, chumba changu cha Garsen kilikuwa na mikeka arobaini na mtu mmoja. Huyo mtu ni mimi, na sikuhesabiwa kuwa mali. Mikeka iliviringishwa ikasimamishwa ukutani kuanzia mlangoni hadi dirishani, kama wageni waliokataa kuketi, nami nikaachiwa njia nyembamba ya kupitisha mwili wangu nikienda kulala na nikitoka kulala. Safari nyingine sikuwa nazo.

Kitanda changu kilikuwa kimekwenda na maji. Ukuta haukwenda, ila afadhali ungekwenda. Ulikuwa wa udongo, maji yalifika kwenye dirisha, ukanywa ukashiba, na mwaka mzima baadaye ulikuwa bado unajikojolea polepole. Ukiweka kiganja unakitoa kimelowa. Upande wa pili wa ukuta huo ndiko kulikokuwa na choo cha nyumba nzima, vyumba saba choo kimoja, na mafuriko yalikuwa yamekipindua tumbo. Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba nilijifunza kula ugali nikipumua kwa mdomo, na wageni walioniambia chumba kina harufu nilikuwa nawauliza, "Harufu gani?" kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

Sasa kwa nini mikeka iwekwe mahali kama hapo? Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kikundi cha akina mama wasukaji, na nilichaguliwa kwa sifa mbili. Mwenyekiti, shangazi yangu, dada ya marehemu baba, alizitaja mbele ya wanachama bila kuzipunguza wala kuzipamba.

"Huyu amemaliza kidato cha nne, anajua kuandika. Na ukimtaka, yuko. Hana pa kwenda."

Wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Mikeka yenyewe ilikuwa na mwenyewe, au tuseme ilikuwa inamngojea. Barabara ya Lamu ilipokuwa bado matope, basi moja lilikwama Garsen siku mbili, na ndani yake alikuwamo mama mmoja Mzungu wa makamo, miguu imeungua jua hadi magotini. Shangazi alimtandikia mkeka barazani kwake. Asubuhi yule mama hakuinuka upesi. Alilala hapo akiuchunguza mkeka kwa kidole, akifuata ukili, ile mikanda ya miyaa iliyosukwa, mmoja baada ya mwingine mahali uliposhonwa, kama mtu anayesoma. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha kamusi:

"Mimi ninafungua duka kwetu. Ninataka mikeka mingi ya namna hii. Duka halina anwani bado. Ninyi mweke ukurasa katika intaneti. Mimi nitawatafuta."

Akachana kipande cha karatasi akaandika maneno mawili: mikeka Garsen. "Nitaandika haya," akasema, "na ninyi mtatokea."

Shangazi aliifunga ile karatasi kwenye pindo la leso yake ya kujitanda na hakuifungua tena mpaka tulipoihitaji. Lakini maneno yake hakuyafunga. Aliwaita wanawake kumi na mmoja ambao mashamba yao ya kando ya mto yalikuwa yamegeuka mchanga mtupu, akawaambia waache kusuka vikapu vya sokoni, wasuke mikeka mikubwa, wamngojee yule mama. Wakasuka. Walikata miyaa ya mkoma, wakaianika, wakaipaka rangi, wakasuka ukili hadi vidole vikapasuka. Kila mkeka ulipoletwa chumbani kwangu, shangazi alikuwa anaupigapiga kwa kiganja na kuniambia, "Neno langu hilo. Limesimama kwenye ukuta wako." Nami nilikuwa naitikia, huku nikijua ukuta wangu ni wa aina gani.

Mkeka mmoja niliutandika chini nikaulalia. Nilijiambia ninaujaribu kwa niaba ya mteja.

Kutengeneza ukurasa tulikwenda Malindi, kwa bwana mmoja mwenye upara na miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akifundisha wasichana kupiga taipu. Sasa alikuwa na kompyuta mbili na simu ya waya, na alijiita fundi wa websaiti. Neno tovuti lilikuwa halijatufikia. Tulimlipa kwa mikeka miwili, akaitandika papo hapo akavua viatu.

"Nipeni maneno yenu niyapige taipu," akasema.

Shangazi akaniangalia, akamwangalia yeye. "Taipu?"

"Ndiyo, mama. Maneno yataonekana vizuri."

"Barua ya taipu kwetu huja na mhuri," shangazi akasema. "Huanza kwa 'Unatakiwa kufika.' Yule mgeni alilala barazani kwangu, akala samaki wangu. Leo nimwandikie kama ninampeleka kortini?"

Fundi alicheka, lakini shangazi hakuwa anatania. Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kitu cha taipu kilitoka kwa chifu, kwa DO wa tarafa, kwa mahakama ya Hola, na mtu akikipokea alianza kujiuliza amemkosea nani. Ukimheshimu mtu unamwandikia kwa mkono wako, na kama mkono wako ni mbaya unamtafuta mwenye mkono mzuri. Mwenye mkono mzuri Garsen, nisione haya, nilikuwa mimi. Nusu ya kadi za harusi za mji ule nimeziandika mimi, pamoja na za watu ambao hawakunialika. M yangu ilikuwa na mkia uliozunguka chini ya neno lote na kurudi juu.

Basi niliandika barua kwa siku tatu. Nikaitupa mara nne. Ya tano ilikuwa imekaa vizuri hata nilitaka kuiposa. Fundi akailaza kwenye mashine yake ya kunakili picha, mashine ikanguruma, na barua yangu yote ikaingia kwenye kioo cha kompyuta, na mikia yake, na lile doa dogo la wino ambalo nilisema ni kivuli. Huo ndio ukawa ukurasa wetu. Shangazi akaitikia kwa kichwa, "Hii ni barua ya watu," na mimi nikatazama pembeni ili wasinione macho.

Kisha tukangoja. Miezi ikapita. Fundi alikuwa ameahidi kwamba barua yoyote ikija kwenye kompyuta ataichapa aipe basi, lakini basi lilikuwa likishusha sukari, magazeti na jamaa za watu wengine. Kila Ijumaa shangazi alikuwa akija chumbani, anavuta mkeka mmoja, ananusa, anaurudisha. Siku moja alinusa akakunja uso.

"Hiki ni nini?"

"Hewa tu, shangazi."

"Hewa ina manyoya?"

Kwenye ncha ya mkeka palikuwa na koga, laini, ya kijivu, kama ndevu za kwanza za kijana. Niliipangusa kwa shati langu. Ikabaki kwenye shati, na harufu yake ikabaki puani, harufu ya kitu kilichokufa kikiwa kimejifunika. Kesho yake tulikuwa Malindi.

Fundi aliandika yale maneno mawili kwenye mashine ya kutafutia. Mikeka Garsen. Tukangoja, maana siku hizo intaneti ilikuwa ikija kwa hatua za mtu mwenye matende. Ikaja orodha. Kulikuwa na mtu aliyeandika habari za ndege wa delta. Kulikuwa na ripoti ya mafuriko. Kulikuwa na mtu anayewaeleza wageni mkeka ni nini. Sisi hatukuwamo. Fundi akafungua orodha ya pili, ya tatu, ya sita. Hatukuwamo.

"Lakini mpo," akasema, "ngoja." Akaandika anwani yetu yenyewe, ndefu kama jina la Mreno, na barua yangu ikashuka polepole pale pale ilipokuwa, na M yake. Tulikuwapo, ila hakuna aliyeweza kutujia bila kuongozwa kwa mkono.

Nikauliza mbona anwani ni ndefu hivyo. Akanieleza, na maelezo yake niliyaelewa kupita kiasi.

"Seva ni kama nyumba ya kupanga. Hizi herufi za mbele ndiyo nyumba. Hili neno la mwisho ndilo chumba chenu. Nyumba nzima ni ghali, kwa hivyo mnashirikiana na wengine."

"Wengine kina nani?"

"Sijui, bwana. Wewe ukipanga chumba huwa unauliza?"

"Mimi huuliza."

Aliitwa nje na mtu aliyetaka kupigiwa hati. Nami, niliyekuwa sijagusa kompyuta zaidi ya mara tatu maishani, nikafuta lile neno la mwisho, nikaacha nyumba peke yake, nikabonyeza. Nilitaka kuona mlango wa mbele tu. Ikaja orodha ya wapangaji wote, majina kwa majina. Chagua moja, nikajiambia, uone jirani anauza nini. Nikachagua lenye jina la ua.

Picha ikaanza kushuka kutoka juu, ukanda mmoja mmoja.

"Nywele nzuri," shangazi akasema, akivuta kiti. "Hizo amesukwa wapi?"

"Sijui, shangazi."

"Uso mpana. Mtu wa raha." Ukanda mwingine ukashuka. "Ana mabega ya kubeba maji." Mwingine. "Mbona..." Mwingine. Shangazi akarudisha kiti nyuma. Kisha akasema chinichini, "Funga."

"Nafunga."

"Funga, baba, nimesema funga!"

Nilibonyeza kila kitu kilichobonyezeka. Mashine ikaganda, na ikaganda mahali pabaya. Nilisimama mbele ya kioo nikaeneza mikono, lakini mimi ni mwembamba. Shangazi akavua leso ya juu, akairusha, akaifunika kompyuta yote kama maiti.

Fundi akarudi, akasimama mlangoni. "Nani amekufa?"

"Heshima yangu," shangazi akasema. "Umetupangisha danguroni."

Ndipo alipotuonyesha, kwa aibu, jinsi majina yalivyopangwa. Jina la kikundi chetu, wanawake kumi na wawili wanaoswali, lilikuwa limebanwa katikati. Juu yake mtu wa kamari, chini yake mtu anayeuza vidonge vya kurefusha kitu ambacho Mungu alishakipima. Na huyo wa nywele. Na wenzake. Nilihisi kinyaa ambacho sikujua nikiweke wapi. Nilitoka nikanawa mikono bombani, nikanawa tena, nikanawa hadi viwiko, na bado kila nilipogusa uso nilihisi nimeguswa na mtu.

"Mama, tulia," fundi alikuwa akisema ndani. "Jirani wa kompyuta hanuki."

Mkahawani shangazi aliagiza chai akashindwa kuinywa. Hapo ndipo nilipomletea nadharia yangu, na niliileta kwa ujasiri wa mtu aliyemaliza kidato cha nne.

"Ndiyo sababu hatuonekani, shangazi. Ile mashine ya kutafuta inapita, inafika mlango wa nyumba ile, inasikia uvundo, inaziba pua inaenda zake. Haifiki chumbani kwetu."

"Una hakika?"

"Nina hakika kwa sababu ya posa yangu."

Akakisogeza kikombe kando, maana hilo alilijua. Kabla ya mafuriko nilikuwa nimeposa msichana wa kijiji cha Chara. Mambo yalikuwa mazuri hadi mjomba wake alipokuja kuona binti ataishi wapi. Kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu alikaa mama mmoja muuza pombe ya mnazi, na wateja wake, choo kikiwa hatua tatu kutoka pale, walipendelea ukuta. Mjomba alipita pale katikati ameshika leso puani. Kiti nilichompa hakukikalia. Alikishika tu mgongo wake kama mtu anayepima ng'ombe. Baada ya wiki likaja jibu: kijana hana neno, lakini anakoishi kunanuka. Sikuuza mnazi mimi, wala sikukojolea ukuta, isipokuwa mara moja nikiwa na homa. Lakini nilihukumiwa pamoja na nyumba. Kwa hivyo mtu aniambie jirani hanuki?

Tuliporudi, shangazi aliitisha mkutano. Hakuficha kitu, ila picha aliieleza kwa kuanzia mabegani kwenda juu.

Kulikuwa na kelele. Mwanachama wetu mmoja Muorma, mama mrefu wa maneno machache, alisimama akasema, "Sisi natoka huko leo. Mtu ya Mungu hakai nyumba ya watu uchi." Akaketi, na kwake mkutano ulikuwa umekwisha.

Mwingine, mtani wangu wa siku nyingi, akainua mkono. "Mimi nina swali kwa katibu. Uliangalia muda gani?"

"Dakika moja tu, dada."

"Mashine ya huko ni ya polepole," shangazi akasema bila kuniangalia. "Dakika moja ya huko ni ndefu."

Walicheka hadi mmoja akaangusha ukili wake. Mimi nilicheka pia, kwa sababu katibu akinuna huonekana ana hatia. Ikaamuliwa tuhame. Shangazi akatoa mkeka wake mwenyewe wa kitandani, wenye rangi tatu, uwe ujira wa fundi.

Fundi aliupokea akasema tunapoteza mkeka bure. Nilimwambia yeye hajui nyumba za kupanga. Akatuhamishia kwenye seva nyingine, na safari hii nilikaa naye nikawakagua wapangaji mmoja mmoja kama ninaoza binti. Kwaya. Shule. Muuza mbegu za mahindi. Daktari wa meno, ambaye picha zake hazikuwa nzuri lakini angalau watu walikuwa wamevaa. Nikarudi Garsen nimenyoosha kifua. Nikawaambia akina mama, sasa tunakaa na watu.

Miezi miwili mingine ikapita. Mvua za mwanzo zikanyesha, ukuta wangu ukakumbuka mambo yake ya zamani. Koga ikapanda mikeka kutoka chini, na ndani ya ile mikeka ukitega sikio unasikia mchwa wakila, sauti ya mtu anayetafuna mchele mkavu mbali sana. Usiku mende walitoka wakanitembelea usoni. Nilikuwa nikiamka nimekunja midomo. Shangazi alianza kuja kila siku, na hakuwa akinusa tena. Alikuwa akisimama mlangoni tu. Wanawake wawili walikuwa wamemuuliza waziwazi kama yule Mzungu alikuwa mtu au ndoto yake.

Tukarudi Malindi. Fundi aliandika yale maneno mawili. Ndege wa delta. Mafuriko. Maana ya mkeka. Sisi hatukuwamo.

"Sasa tazama," fundi akasema. "Mama, fumba macho kidogo." Shangazi akajifunika. Fundi akaandika maneno ya biashara ya yule jirani wetu wa zamani, maneno ambayo hata sasa siwezi kuyaandika, akabonyeza. Nikasoma orodha. Wa kwanza kabisa, juu ya ulimwengu wote, alikuwa yeye wa nywele.

"Anakaa wapi?" nikauliza, ingawa niliiona anwani.

"Pale pale mlipomwacha. Nyumba ile ile, majirani wale wale. Na ni wa kwanza."

Sijui kama nimewahi kuchukizwa hivyo. Kama uchafu ungekuwa unamzuia mtu asionekane, yule angekuwa chini ya bahari. Nilihama nikiwa ninanuka ama sinuki, hakuna aliyejali. Mkeka wa kitandani wa shangazi ulikuwa umelipa ada ya kinyaa changu.

Fundi alikuwa amewaandikia wenye seva, nao wakamjibu. Akatueleza pole pole. Mashine ya kutafuta haishughuliki na jirani yako ni nani. Labda nyumba yenyewe ikiwa kila saa imefungwa mlango, au mwenye nyumba amepigwa marufuku yeye na wapangaji wake wote, hapo utaumia. Vinginevyo inaingia kila chumba peke yake na kusoma maneno. Akaufungua ukurasa wa yule wa nywele, akafunika picha kwa daftari, akaonyesha chini: maneno, maneno, maneno, mistari isiyokwisha, yote ya taipu.

Kisha akafungua wetu. "Nionyesheni neno mkeka."

"Hili hapa," nikasema, nikiweka kidole kwenye M yenye mkia.

"Wewe unaliona. Yeye anaona picha moja tu. Hajui kama ni barua au ni mbuzi. Ukurasa wenu hauna neno hata moja." Akavua miwani. "Na mimi nilisema taipu. Sikujua ni kwa sababu hii, lakini nilisema. Nani alikataa?"

Nilimwangalia shangazi. Shangazi aliuangalia mkono wangu wa kulia.

"Piga taipu," akasema mwishowe. "Lakini mwanzo kabisa uweke: hii si kesi."

Niliandika mwenyewe, kwa vidole viwili, herufi moja kila baada ya kuitafuta. Mikeka ya Garsen. Hii si kesi. Sisi ni wanawake kumi na wawili tunaosuka miyaa kando ya mto Tana. Maneno yalitoka yamenyooka, makavu, hayana mkia hata mmoja. Nilipomaliza nilijiona kama karani wa mahakama, na nilijichukia kidogo, na kile kidoti cha mwisho nilikipiga kwa hasira.

Jibu lilifika baada ya wiki tano, limechapwa, limekunjwa, mkononi mwa kondakta. Lilianza hivi: "Nimefurahi kwamba si kesi." Alikuwa ametutafuta mara tatu kwa maneno yale yale mawili. Alipokosa alidhani mto umetuchukua, akalia, halafu akanunua mikeka ya nchi nyingine. Lakini bado alikuwa na nafasi ya mikeka kumi. Alitaka kuuona mmoja kwanza, upesi.

Shangazi aliwaita wanachama wote uani kwangu. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limefunguka baada ya mvua. Wakaanza kuitoa mikeka na kuikunjua.

Wa kwanza ulikuwa mweusi katikati kama chungu. Wa pili ulikunjuka vipande viwili. Wa tatu ulikuwa na mayai ya mende yamepangwa kwenye mshono kama shanga. Kwenye wa saba palikuwa na kiota cha panya, vitoto sita vyekundu visivyo na macho, vikijinyonganyonga juu ya ukili wa mwanamke aliyekuwa amesimama pale pale akitazama. Aligeuka akatapika kando ya choo. Hakuna aliyemcheka. Waliendelea kukunjua mpaka wa mwisho, thelathini na tisa, na uvundo ukapanda pale uani hata muuza mnazi wa chumba cha mbele akafunga dirisha lake. Yeye, akatuzibia sisi.

Shangazi alikuwa akihesabu kimya. "Ni thelathini na tisa," akasema. "Mmoja uko wapi?"

Nilifikiria kudanganya. "Uko ndani."

"Kwa nini haukutoka?"

"Nimeulalia."

Akaingia mwenyewe, akapiga teke shuka langu, akauvuta mkeka nje hadi juani. Ulikuwa mzima. Haukuwa na koga, haukuwa na mchwa, ulikuwa umelainika na kung'aa kama kitu kilichopakwa mafuta. Kwa kuwa sikuwa mtu wa kutoka, haukupata nafasi ya kuoza. Wanawake waliuzunguka, wakaupapasa. Yule Muorma aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni kama anayekadiria kazi niliyofanya.

"Basi uvivu wako una faida yake," shangazi akasema. Kisha akaketi palepale chini, mbele ya mikeka iliyooza ya watu aliowaahidi, akavuta fungu la miyaa mibichi, akaanza ukili mpya. Hakuomba radhi kwa maneno. Baada ya muda mtani wangu akaketi kando yake, akaanza wake. Halafu mwingine. Wawili waliondoka, na hawakurudi kwenye kikundi tena.

Thelathini na tisa tuliichoma kando ya mto. Ule mmoja niliuosha mimi, kwa sabuni na ndimu, mara tatu, nikauanika siku nne. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai. Sikumwambia mtu. Jasho la mwaka mzima lilikuwamo, na mate ya usingizi, na ile homa. Shangazi akauviringisha, akaniambia niandike jibu kwamba mmoja unakuja, tisa inasukwa. Nikanyoosha mkono kuchukua kalamu. Akaniangalia tu, nikairudisha.

Yule mama aliandika tena kabla tisa haijakwisha. Mkeka umefika, alisema, na ni laini kuliko mikeka yote aliyowahi kuishika. Wateja hawaachi kuupapasa, na mmoja ameweka shavu lake juu yake. Hatauuza. Ameutandika katikati ya duka, na ile mikeka yake ya nchi nyingine ameipanga juu yake ili isiguse sakafu.

Niliisoma hiyo barua mara mbili, nikiwa nimesimama uani. Nikaiona ile mikeka safi ya watu wa mbali, imelala juu ya jasho langu, haijui, na hakuna mteja aliyeziba pua. Na yule mwenye shavu. Mwili ulinisisimka kwa kinyaa. Nikachukua ndoo na sabuni, nikaenda kuoga kwenye kile choo chetu kimoja. Ilibidi ningoje. Mpangaji wa chumba cha mbele alikuwa ndani, anaimba.